Vipande vya Ambokile

Fundi Gwamaka hakugusa kitu chochote mezani mpaka Tusekile alipomaliza kupanga. Alikunja mikono, akakaa kwenye kigoda chake ndani ya kibanda cha vifaa vilivyotumika pale sokoni Mwanjelwa, akawa anamtazama mwanamke huyu mwenye futi ya kushonea shingoni akitoa kikapuni kitu kimoja kimoja, kila kimoja kimefungwa kwa kipande cha kitenge.

"Kasha hili hapa," Tusekile alisema. "Kadi ya picha, nimeipima, inaingia na nafasi ya vidole viwili inabaki. RAM mbili, urefu sawasawa. Diski. Pawasaplai ya kuvipa umeme. Na hii mazabodi, ubao wa kuvishikilia vyote, ni mpya, nimeitafuta mwenyewe, nzuri kuliko ile ya zamani."

"Umepima kwa futi?"

"Mimi ni fundi cherehani. Ulitaka nipime kwa shubiri?"

Gwamaka alicheka mpaka akafuta macho, ingawa si kwa dharau. Kila wiki walimjia watu waliotaka kuunda kompyuta yao ya kwanza ya gemu, na kila mmoja alikuja na kosa la kazi yake. Mwalimu alikariri namba zote bila kujua zinasema nini. Mpishi wa hoteli alitaka kila kitu kiwe kikubwa. Huyu alikuwa amekuja na kosa la mafundi cherehani, la kudhani kwamba kinachoenea kimekubali.

"Dada yangu, gauni likibana unafumua mshono. Hapa hakuna kufumua. Tazama." Aliinua RAM moja akaisogeza kwenye nafasi yake. "Pengo la hii liko huku, la mazabodi liko kule. Hii ya kizazi cha sita, ile ya saba. Urefu sawa, ndiyo, lakini hazijuani. Kadi ya picha inaingia kwenye kasha, hilo umepata. Ila inakunywa umeme kama ng'ombe wa kiangazi, na pawasaplai uliyoleta ina nusu ya nguvu inayotakiwa. Itawaka, utaona rangi mbili tatu, halafu giza. Tena soketi ya mazabodi hii ni ya viini vya toleo la mwisho kabisa, na vifaa vyako vingine vyote ni vya zamani. Kiini chenyewe, ubongo wa kompyuta, kiko wapi?"

Swali hilo Tusekile alilikwepa. "Nikileta mazabodi ya zamani, vyote hivi vitaelewana?"

"Vilikuwa kwenye kompyuta moja?"

"Vilikuwa, ila pawasaplai hii nimeinunua mwenyewe."

"Sasa nani aliivunja kompyuta nzima nzima namna hii?"

"Mimi," alisema Tusekile.

Na ni kweli, ni yeye. Mdogo wake Ambokile alipofariki kwa ugonjwa wa mapafu, hana mke wala mtoto, ndugu walikusanyika nyumbani kwa baba yao huko Uyole siku ya kuanua matanga, na Tusekile kama dada mkubwa akapewa kazi ya kugawa vitu vya marehemu. Nguo ziligawiwa upesi. Ikabaki kompyuta, kila mtu anaitazama na hakuna anayeisema. Katika ukoo ule kitu cha marehemu ni ukumbusho, na ukumbusho haukai nyumba moja wakati nyumba nyingine zimelia vilevile. Basi Tusekile akaomba bisibisi. Baba mdogo aliyeishi Tukuyu akapata mazabodi, akaenda kuitundika ukutani karibu na picha yake ya harusi. Binamu yao akapata kasha, akalitia maharage ya mbegu. Kadi, diski na RAM zikaenda kwa wengine. Kiini, kitu kidogo kama ukucha wa kidole gumba, alipewa shangazi Subilaga, dada wa baba yao, naye akakifunga kwenye pindo la kanga huku akilia. Watu wote walimsifu Tusekile siku ile kwamba anajua kugawa bila kumbagua mtu.

Hakuna aliyejua kwamba Ambokile alikuwa mle ndani.

Alikuwa amecheza gemu la Bonde miaka kumi na miwili, na mtu akicheza Bonde muda huo wote kompyuta humjifunza: anavyotania, anavyonuna, anavyoacha sentensi njiani. Humtengenezea kivuli, nacho huendelea kucheza wakati mwenyewe yuko kazini au usingizini. Sheria ilikataza kampuni za gemu kutunza vivuli vya watu kwenye mitambo yao, kwa hiyo kivuli cha kila mchezaji kilikaa nyumbani kwake. Tabia zake zilikaa kwenye kiini, siku zake kwenye diski, na ufunguo wa kuviunganisha ulikuwa ndani ya mazabodi. Wachezaji wote walilijua hilo. Ukoo wa Ambokile haukulijua, maana ukoo wa Ambokile ulikuwa ukimwita mvivu wa skrini, na aliyelitamka jina hilo kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa Tusekile. Mara ngapi alimwambia, "Dada, ingia hata dakika tano tu uone nilivyojenga"? Na mara ngapi yeye alijibu kwamba gemu ni la watu wasio na kazi?

Kisha, zaidi ya mwaka baada ya msiba, watu wa gemu wakamtumia ujumbe kwenye simu. Mchezaji Ambokile hajaonekana Bondeni kwa siku mia nne na sabini. Kivuli chake, kilichomo ndani ya vifaa vyake, bado ni kizima. Ikifika siku ya mia tano bila kuwashwa, ufunguo utafutwa na hautarudishwa. Tusekile alilisoma neno "kizima" akakaa chini palepale sakafuni, katikati ya vipande vya gauni la bibi harusi wa watu.

* * *

Siku ya mia nne tisini na sita alirudi kwa Gwamaka na mazabodi ya zamani, ambayo baba mdogo aliitoa ukutani kwa kununa sana, pamoja na pawasaplai yenye nguvu ya kutosha. Safari hii fundi mwenyewe ndiye aliyepanga vitu mezani. RAM zilikaa, zikalia "ta" kila upande. Kadi ya picha ikaingia. Nyaya za pawasaplai zikafika zote, hata ule mnene wa pini nane.

"Umejifunza," Gwamaka alisema. "Haya, kiini."

"Kiko shingoni kwa shangazi yangu."

Fundi aliweka bisibisi chini.

Tusekile akamweleza. Miezi minane iliyopita kiharusi kilimshika shangazi Subilaga, kikamwulia upande wa kulia na kikaondoka na maneno yake. Kwenye zahanati walimfungia msemaji, kisanduku cha shingoni kinachosoma misuli ya koo ikijaribu kutamka, kisha kinatamka kwa niaba yake. Msemaji unahitaji kiini, na viini vipya vilikuwa havipatikani hata kwa dawa tangu viwanda vilipofungwa. Ndugu wakakumbuka kile kilichofungwa kwenye kanga. Tusekile mwenyewe ndiye aliyelifungua fundo na kumkabidhi daktari kiini.

"Nisikilize vizuri," Gwamaka alisema, na utani wote ulikuwa umemtoka. "Kiini hujifunza mtu juu ya mtu. Sasa hivi shangazi yako yuko juu, ndugu yako yuko chini yake. Mazabodi ikikiona itamtafuta mtu wake, itakuuliza kama imfute aliye juu. Ukikubali, sauti ya shangazi yako imekwisha. Na kiini kilichofutwa mara moja hakijifunzi tena. Usije kwangu kesho kuniambia nikirudishe."

"Haiwezekani kunakili?"

"Vingekuwa vinanakilika, mimi ningekaa hapa nafanya nini?"

Nje watu walikuwa wanabishana juu ya betri ya pikipiki.

"Na kama mwenyewe atakubali?" aliuliza.

"Mwenyewe nani? Hapo ndipo pabaya zaidi." Gwamaka alijikuna shingo. "Aliye chini huwa hajalala kabisa, dada. Msemaji wenye kiini cha namna hiyo mara nyingine hutoa neno ambalo koo halikulisema. Kwa hiyo usimwulize shangazi yako kwa msemaji. Uzime kwanza. Mwulize kwa njia nyingine, akujibu kwa njia nyingine. Mimi kukitoa sikitoi. Nitakuonyesha namna ya kufunga vitu, lakini mkono utakaokitoa utakuwa wako."

Alimwonyesha kweli, mara mbili, bila haraka. Alipomfungashia alimwongezea tyubu ya dawa ya joto, ile inayopakwa kati ya kiini na feni, na hakutaka kushukuriwa.

* * *

Shangazi Subilaga aliishi kwa Tusekile tangu augue, katika chumba cha mbele ambamo mchana kulikuwa na jua. Alikuwa ameketi kitandani ameegemea mito, kichwa kinamtikisika. Tangu kiharusi kichwa chake kilitikisika muda wote, kulia kushoto, kulia kushoto, hata usingizini.

"Ugonile, mwanangu," msemaji ulisema kwa salamu ya kwao. Sauti ilikuwa ya shangazi, imechotwa kwenye video za harusi za miaka ya nyuma. "Umechelewa. Au umepata bwana huko Mwanjelwa?"

"Shikamoo, shangazi. Bwana gani, mimi na uzee huu?"

"Marahaba. Uzee wa wapi? Mimi nikiwa na umri wako nilikataa wawili kwa wiki moja."

Tusekile alicheka, kisha kicheko kikamgeuka kikawa kilio, akapiga magoti kando ya kitanda na kumweleza yote: ujumbe, siku nne zilizobaki, vipande alivyovikusanya, na kile kilichobaki. Hakuficha chochote. Alimwambia kwamba akikitoa hatasikia tena utani huu wala kuitwa mwanangu, na kwamba daktari hana kiini kingine. Alimwambia pia kwamba Ambokile yumo, chini yake, na kwamba yeye ndiye aliyemgawa kama nyama ya msibani.

Kichwa cha shangazi kilitikisika. Macho yake yalimtazama.

"Chukua," msemaji ulisema.

Neno hilo lilitoka upesi sana. Tusekile aliliona hilo. Lazima isemwe wazi kwamba aliliona. Midomo ya shangazi ilikuwa bado inaanza kufunguka.

Alikumbuka maneno ya fundi, akanyoosha mkono akauzima msemaji. Sasa akabaki na mwanamke ambaye kichwa chake kilisema hapana siku nzima bila kukusudia, ambaye mkono wake wa kulia ulikuwa umekufa, na ambaye hata herufi zilikuwa zimemtoka kichwani pamoja na maneno. Tusekile akaushika mkono wa kushoto.

"Shangazi, kama unakubali, nibane mkono. Kama hutaki, niache."

Vidole vikambana. Vilimbana kwa nguvu ambayo hakuitegemea, kucha zikamwingia kwenye ngozi, na havikumwachia. Mtu anaweza kubana mkono hivyo akisema ndiyo. Anaweza pia kubana hivyo kwa sababu ananyang'anywa kitu. Tusekile alilijua hilo kama anavyojua kitambaa upande wa mbele na upande wa nyuma. Angeweza kuuliza mara ya pili, kwa kugeuza swali: nibane kama hutaki. Ingemchukua muda wa kupumua mara tatu tu.

Hakuuliza. Aliogopa jibu, na huo ndio ukweli wake wote. Alikuwa amemwita ndugu yake mvivu miaka kumi na miwili, akamvunja kwa bisibisi mbele ya ukoo mzima, na watu wakamsifu. Alitaka hilo limtoke moyoni kuliko alivyotaka kuwa mtu mwema.

"Ndaga, shangazi," alisema, asante ya kwao. Akauchomoa mkono wake, akafungua kisanduku cha shingoni.

* * *

Aliiunda kompyuta palepale chumbani, juu ya meza ya kukatia nguo, kwa sababu soketi ya umeme mkubwa ilikuwa humo, na kwa sababu kuondoka na kile kiini kwenda kukitumia chumba kingine kulimwonekea kama kukimbia. Shangazi alikuwa nyuma yake kitandani.

Mikono yake ilifanya kazi vizuri, na hilo lilimuumiza. Aliweka kiini kwenye soketi, pembe yenye alama juu ya pembe yenye alama, kikashuka chenyewe bila kusukumwa. Akapaka dawa ya joto, akakandamiza feni, akakaza skrubu kwa kukingamanisha kama alivyofundishwa, ili ubao usipinde. RAM. Diski. Kadi ya picha ikakaa na ule mwanya wa vidole viwili. Kila kitu kilikubali kila kitu. Katika maisha yake alikuwa ameshona mamia ya nguo na hakuna hata moja iliyowahi kumtii hivi.

Akabonyeza swichi. Feni zikavuma. Maandishi yakatokea kwenye skrini: mtumiaji wa awali amepatikana, juu yake yupo mtumiaji mwingine, je, afutwe?

Nyuma yake kitanda kililia. Shangazi alikuwa anajisogeza. Tusekile hakugeuka, maana alijua akigeuka hatabonyeza. Akabonyeza.

Mstari mwembamba ulijaa polepole kutoka kushoto kwenda kulia, na kila ulivyosogea alisema moyoni kwamba bado anaweza kung'oa waya. Ukajaa. Skrini ikawa buluu, kisha kijani, likatokea bonde lenye migomba na mto, na nyumba ya ghorofa moja ambayo mtu aliijenga kwa subira ya miaka. Mlangoni alisimama Ambokile, amevaa koti lake la kahawia, mwembamba kama alivyokuwa kabla ya kuugua.

"Dada Tuse?" alisema. Sauti yake hasa. "Dada Tuse, ni wewe uliyeingia? Weee! Leo mbingu zitaanguka!"

"Ni mimi," Tusekile alisema, na machozi yakamshuka mpaka kwenye futi iliyokuwa shingoni. "Ni mimi, mdogo wangu. Nisamehe."

"Nikusamehe nini? Kwa kuchelewa? Nimeshakuzoea. Ngoja nikuonyeshe, huko juu kuna chumba chako, nimekiwekea cherehani, ila haishoni, nilishindwa kuifanya ishone." Alikuwa anacheka na kuzunguka mlangoni, hajui aanze na lipi. "Unajua nimekuwa wapi? Mahali penye giza, pa ajabu. Sioni kitu, lakini nasikia sauti yako. Kila siku nakusikia. Umekula, umelala, jua limetoka. Nami nakujibu, nakujibu, sijui kama unanisikia. Mara nyingine kama mtu ananiziba mdomo."

Tusekile alishika ukingo wa meza.

"Halafu leo," Ambokile aliendelea, "nikakusikia unalia. Unasema nimo humu, na unauliza kama unichukue. Nikasukuma kwa nguvu zangu zote. Nikasema: chukua! Ulisikia, sivyo? Ndiyo maana umekuja."

"Nilisikia," alisema Tusekile.

"Nilijua tu!"

Sasa akageuka. Shangazi Subilaga alikuwa ametoka kwenye mito, amelala kifudifudi ukingoni mwa kitanda, mkono wa kushoto umenyooka kuelekea waya wa umeme ukutani. Ulikuwa umebakiza kama shubiri moja. Mdomo wake ulikuwa wazi na koo lilikuwa linafanya kazi, misuli inapanda na kushuka chini ya alama nyekundu ya mkanda wa msemaji, na hakuna kilichotoka ila pumzi.

Tusekile alimwendea akamwinua, akamrudisha kwenye mito, akampangusa mate. Shangazi alimtazama bila kupepesa, kichwa kinakwenda kulia kushoto, kulia kushoto, na safari hii Tusekile hakuhitaji mtu wa kumwambia maana yake.

"Dada?" Ambokile aliita kutoka mezani. "Nasikia kama kuna mtu hapo. Ni shangazi? Ni shangazi yangu Subilaga? Mlete karibu basi, ana maneno yule, nimemkumbuka sana. Shangazi! Shikamoo!"

Akasubiri huku anatabasamu mlangoni kwake.

"Shikamoo, shangazi," alirudia. "Mbona haitikii?"